Dokta wa Raisi: Namna Mtu Mwema Anavyogeuka Mkono wa Mkubwa

  

Leo tutaongea juu ya sinema moja. Najua mtaniuliza: sisi tumekimbia vita, tunatafuta unga na maharagi, na wewe unatuletea sinema? Swali hilo ni la haki, na ninalijibu hivi. Bunduki haijui nyumba ya mtu. Haijui nani ni mtoto wa nani, nani aliuza ng'ombe jana, nani alilala kwa nani. Anayeonyesha nyumba ni mtu, na mara nyingi ni mtu ambaye mwaka uliopita hakuwa na ubaya wowote. Sinema hii inaonyesha namna mtu wa aina hiyo anavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Ndiyo maana naileta kwenu.

Jina lake kwa Kiingereza ni The Last King of Scotland. Wanaoitafuta kwa Kifaransa wataikuta kwa jina la Le Dernier Roi d'Écosse. Maana yake ni Mfalme wa Mwisho wa Uskoti. Ilitoka mwaka 2006, ikiongozwa na Kevin Macdonald, na ilitokana na kitabu cha Giles Foden cha mwaka 1998. Inahusu utawala wa Idi Amin, jirani yetu wa Uganda. Aliyecheza kama Amin ni Forest Whitaker wa Marekani, na mwaka 2007 alipewa Oscar juu ya kazi hiyo.

AMIN ALIKUWA NANI?

Kwa vijana ambao hawajui, niseme kifupi. Idi Amin aliingia jeshi la Waingereza, lile la King's African Rifles, mwaka 1946. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, alipanda haraka katika jeshi la nchi yake. Na hapa historia yake inagusa nchi yetu. Katika miaka ya 1964 na 1965, serikali ya Milton Obote ilisaidia waasi wa Kongo, na Amin ndiye alikuwa mtu wa kazi hiyo mpakani. Mwezi Februari 1966, katika bunge la Uganda, mbunge Daudi Ochieng alimtuhumu Amin kwamba alikuwa ameweka katika banki yake pesa zilizotokana na dhahabu ya Kongo. Obote hakumtupa. Alikamata mawaziri wake mwenyewe watano, akampandisha Amin cheo, na mwezi Mei mwaka ule ule Amin aliongoza askari kushambulia jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda.

Angalieni vizuri. Obote alimlinda mtu wa bunduki kwa sababu alimhitaji. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa safarini Singapore, mtu yule yule akamnyang'anya kiti. Watu wengi wa Kampala walicheza barabarani siku hiyo, wakidhani mateso yamekwisha.

Amin alitawala hadi tarehe 11 Aprili 1979, wakati jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia Kampala. Wengi wanakadiria kwamba watu waliouawa katika miaka ile minane walifika hadi 300,000. Yeye mwenyewe alikufa kitandani, katika mji wa Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Hakuna korti iliyomwita.

HADITHI YA SINEMA

Sasa tuingie katika sinema. Mtu mkubwa ndani yake si Amin peke yake. Ni kijana mmoja dokta, mzungu wa Uskoti, jina lake Nicholas Garrigan. Niseme mapema: Garrigan huyu hakuwako. Ni mtu wa kubuniwa. Lakini mambo mengi yanayomzunguka yalitokea kweli, na baadaye nitawaeleza juu ya watu wa kweli waliopita njia kama yake.

Garrigan amemaliza masomo yake na amechoka na nyumba ya baba yake. Anazungusha mfano wa dunia, anaweka kidole, na kidole kinaangukia Uganda. Anakwenda. Nia yake si mbaya: anataka kutibu wagonjwa, na anataka pia kuona maisha. Anafanya kazi katika zahanati ya misioni kijijini, mahali wagonjwa ni wengi na dokta ni haba.

Siku moja Amin anapata ajali barabarani. Gari lake limegonga ng'ombe, mkono wake umeumia. Garrigan anaitwa kuufunga. Ng'ombe analia kwa maumivu, watu wanapiga makelele, hakuna anayefanya kitu. Kijana anachukua bastola ya raisi mwenyewe, anampiga ng'ombe risasi, kelele zinakwisha. Askari wanashituka. Amin anacheka. Anampenda kijana asiyeogopa. Akisikia kwamba ni mtu wa Uskoti anafurahi zaidi, na wanabadilishana nguo: raisi anatoa shati lake la kijeshi, dokta anatoa lake la Uskoti.

Ndugu zangu, hapo ndipo safari inaanza. Inaanza kwa kicheko na zawadi ya shati.

Kiisha anaitwa Kampala. Amin anamwomba awe dokta wake na wa familia yake. Kijana anasitasita, kwa sababu kijijini wagonjwa wanamngoja. Lakini anakubali. Anapewa nyumba nzuri, anapewa gari la Mercedes, anakaa mezani na wakubwa. Raisi anamwita mshauri wake wa karibu, anamsikiliza kuliko mawaziri. Kwa kijana wa miaka ile, hiyo ni pombe kali.

Halafu yanatokea mambo mawili ambayo naomba myashike vizuri.

La kwanza. Garrigan anamwona waziri wa afya anaongea pembeni na mzungu mmoja, sawa na watu wenye siri. Anakwenda kumwambia Amin. Hana chuki na waziri. Anadhani anafanya kazi ya rafiki mwaminifu. Waziri anapotea. Haonekani tena. Neno moja tu, lililosemwa kwa sauti ya kawaida, limeua mtu.

La pili. Mwaka 1972 Amin anaamua kufukuza Waasia wote. Garrigan anamwambia kwamba hilo ni kosa. Amin hasikii. Baadaye, dunia inapomlaumu, Amin anamgeukia dokta na kumlaumu kwamba hakumzuia. Dokta anajibu kwamba alimwambia. Amin anajibu kwamba ndiyo, ulinieleza, lakini hukunishawishi. Hivyo ndivyo mkubwa anavyomlipa mshauri wake: uzuri ni wake, ubaya ni wako.

Kutoka hapo mambo yanaharibika haraka. Garrigan anataka kurudi kwao. Anakuta chumba chake kimepekuliwa na paspoti yake ya Uingereza imeondolewa. Mahali pake pamewekwa paspoti ya Uganda. Mlango umefungwa. Naye mwenyewe ameongeza matata kwa kulala na Kay, mmoja wa wake za raisi, na mama yule anauawa vibaya sana. Mwisho, mwezi Juni 1976, ndege ya Air France iliyotekwa inatua Entebbe. Ni hapo ambapo Amin anamgundua dokta wake na kumtesa karibu afe.

Anayemwokoa ni dokta mwenzake, Mganda, jina lake Junju. Ndiye aliyebaki hospitalini akitibu watu wakati Garrigan alikuwa mezani na wakubwa. Junju anamwingiza kati ya wasafiri wanaoachiliwa, na anamwomba aende akaseme kwa dunia yale aliyoyaona, kwa kuwa wewe ni mzungu, watakuamini. Garrigan anapanda ndege. Junju anapigwa risasi.

MILANGO MITANO

Nikiitazama sinema hii kama mtu wa sheria, naona milango mitano ambayo dokta alipita. Hakuna mlango hata mmoja ulioandikwa juu yake kwamba hapa ni njia ya kuua.

Mlango wa kwanza ni zawadi. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema, na mwenye nguvu anaijua methali hiyo. Zawadi ya kwanza haina sharti. Ndiyo maana ni ya hatari.

Mlango wa pili ni sifa. Mkubwa anakuambia kwamba wewe peke yako unamwelewa, kwamba wengine wote ni waoga au wanafiki. Mtu anayesifiwa hivyo anaanza kuwaona wenzake kwa macho ya mkubwa.

Mlango wa tatu ni neno juu ya mwenzako. Unaulizwa kidogo tu: fulani anakuja kwako? Anaongea nini? Unajibu. Kuanzia hapo umeingia damuni, hata kama hukushika kisu.

Mlango wa nne ni kufungwa. Sasa unajua mambo mengi mno. Ukiondoka, wewe ni msaliti. Paspoti yako imechukuliwa. Kwa wengine si paspoti: ni deni, au mtoto aliyeingizwa katika kundi, au picha iliyopigwa ukiwa pamoja nao.

Mlango wa tano ni kunyamaza. Mtu anajiambia kwamba akibaki karibu atapunguza ubaya. Wakati mwingine ni kweli. Lakini jiulize swali moja: ni ubaya gani nilioupunguza, tarehe gani, juu ya nani? Kama huna hata jibu moja, basi hukai pale kwa kupunguza ubaya. Unakaa pale kwa sababu mlango wa nne umefungwa.

WATU WA KWELI

Sasa tuache watu wa kubuniwa. Karibu na Amin alikuwako Mwingereza wa kweli, Bob Astles. Alifanya kazi na Obote, Amin alipochukua utawala alimtia gerezani, kiisha akamtoa na kumfanya mshauri wake. Waganda walimwogopa. Amin alipoanguka, Astles alishitakiwa kwa kuua. Korti ilimwachilia, lakini aliendelea kushikiliwa hadi mwaka 1985. Alikufa Uingereza mwaka 2012. Kuna picha pia ya mwaka 1975 iliyozunguka dunia nzima: wazungu wanne, wafanyabiashara, wamembeba Amin juu ya mabega katika kiti. Na usidhani ni wageni peke yao. Henry Kyemba, Mganda, alitumika karibu na Amin miaka mingi, akawa waziri wa afya, mpaka alipokimbia mwaka 1977. Mwaka ule ule alitoa kitabu akieleza mauaji aliyoyajua.

Kwa upande mwingine walikuwako watu waliokataa kuwa mkono. Benedicto Kiwanuka alikuwa jaji mkuu wa Uganda. Mwezi Septemba 1972 askari walimkamata ndani ya korti yenyewe, kisha akauawa. Askofu mkuu Janani Luwum, mwezi Februari 1977, pamoja na maaskofu wenzake, walimwandikia Amin juu ya mauaji na uonevu. Aliuawa siku chache baadaye pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikasema kwamba ni ajali ya gari.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa watu ambao majina yao hatuyajui. Mwaka 1974, kwa kusukumwa na makelele ya dunia, Amin mwenyewe aliunda tume ya uchunguzi juu ya watu waliopotea. Iliongozwa na jaji Mohamed Saied. Mtu angesema: nani atakwenda kusema mbele ya tume ya muuaji? Walikwenda mashahidi 545. Walikuwa ni wake waliotafuta waume zao, wazazi waliotafuta watoto. Tume iliandika habari za watu 308 waliopotea, na ikasema wazi kwamba polisi za siri za serikali ndizo zilihusika. Ripoti ilifichwa. Lakini majina yaliandikwa. Angalieni tofauti: Garrigan alipeleka jina la mtu chumbani, kwa siri, na mtu akapotea. Wale 545 walipeleka majina hadharani, kwa maandishi, ili mtu aliyepotea asisahauliwe.

Nilivyosoma sheria, naona jambo jingine pia. Amin hakuanza kwa kufuta sheria. Alianza kwa kuandika dekre. Mwaka 1971 dekre moja iliwapa askari uwezo wa kukamata raia. Kuanzia hapo, mtu mwenye ugomvi wa shamba au wa deni hakuhitaji tena kwenda mbele ya mzee au korti. Alihitaji askari mmoja rafiki. Wengi waliokufa hawakuwa maadui wa Amin hata kidogo. Walikuwa na jirani aliyewatamani nyumba, gari au mke.

Na Waasia? Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba wanafukuzwa, na wakapewa siku 90. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, wengine wakatawanyika katika nchi nyingine. Maduka yao waligawiwa askari na marafiki wa wakubwa, ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Baada ya muda mfupi rafu zilikuwa tupu. Sisi wa Kongo hatuwezi kuwacheka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuzairisha mali ya wageni, na wazee wenu wanakumbuka maduka yaliyopewa watu wasiojua hata bei ya chumvi. Wakubwa hawa wawili walipendana. Katika miaka ile ziwa Albert lilipewa jina la Mobutu, na ziwa Edouard, lile la wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, likapewa jina la Idi Amin. Majina hayo yamefutika. Njaa waliyoileta watu wanaikumbuka.

JUU YETU SISI

Sasa naongea na ninyi, mashefu na viongozi wa komite. Msiseme kwamba Garrigan ni mzungu na habari yake haitugusi. Mgeni katika nyumba ya mwenye nguvu ni mtu yeyote aliyeingia bila kuijua njia ya kutokea.

Kamanda anafika kijijini. Anakuletea mbuzi, anakuita baba. Baadaye anakuomba kitu kidogo: listi ya vijana, ili awalinde. Au kiongozi wa komite ya kambi anapewa simu na mtu fulani, na anaombwa awe akitoa habari za wageni wanaoingia. Au mama anayeuza sokoni anaulizwa ni familia gani zina watoto kule upande wa pili. Kila mmoja wao amesimama mbele ya mlango wa tatu. Mbuzi amekwisha kuliwa, sifa zimekwisha kusikiwa. Kinachobaki ni jina la mtu.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inatupa mambo matano ya kushika. Kifungu cha 17 kinasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mmoja mmoja. Hakuna anayekamatwa au kuhukumiwa juu ya kosa la mwingine. Kwa hiyo hakuna kosa la ukoo, wala la kabila, wala la kijiji. Kifungu cha 18 kinasema kwamba aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Kwamba ana haki ya kuwasiliana na familia yake au na wakili wake. Na kwamba hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 48 pasipo kupelekwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Na kifungu cha 28 kinasema kwamba hakuna mtu anayelazimika kutimiza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria.

Mkumbuke pia kwamba sheria haimtafuti aliyeshika panga peke yake. Inamtafuta pia aliyesaidia. Mwaka 2014 korti ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Germain Katanga miaka 12 juu ya mashambulizi ya kijiji cha Bogoro, katika Ituri, ya tarehe 24 Februari 2003. Alipatikana na hatia kwa kuwa alisaidia mashambulizi hayo yafanyike.

TUFANYE NINI?

Ninajua mtasema: huyu msemaji yuko mbele ya mikrofoni, lakini mbele yangu kuna mtu na bunduki. Nikikataa, nitakufa, na watoto wangu watabaki na nani? Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Nakubali. Lakini sikilizeni methali hiyo vizuri. Inasema mpishe, maana yake mwachie njia. Haikusema mwonyeshe njia ya nyumba ya jirani yako. Sheria haimlazimishi mtu kufa shujaa. Kati ya kufa shujaa na kuwa mkono wa muuaji kuna nafasi pana, na watu wengi wenye busara wameishi katika nafasi hiyo. Nawapa mashauri sita ya kuishi humo.

Moja. Usipokee peke yako. Zawadi ya mwenye bunduki ipokelewe mbele ya wazee, na igawanywe mbele ya watu. Zawadi ambayo huwezi kuitangaza, usiile.

Mbili. Usikutane naye peke yako. Nenda na mama mmoja, mzee mmoja, na kijana mmoja. Maneno yanayosikiwa na wanne ni magumu kugeuzwa.

Tatu. Usitaje jina. Ukiulizwa juu ya hali ya kijiji, jibu juu ya kijiji: hatuna maji, tuna wagonjwa. Ukiulizwa juu ya mtu, jibu kwamba hayo ni ya wazee wote kukaa. Kusema sijui si dhambi pale ambapo kujua kunaua.

Ine. Listi ya msaada ibaki ya msaada. Andika idadi ya watu wa nyumba na mahitaji yao. Usiandike kabila, wala upande walikotoka watoto wao. Kile ambacho hakikuandikwa hakiwezi kuibiwa.

Tano. Mtu akikamatwa, andika jina lake, saa, mahali, na nani alimchukua, na uwaambie wengine upesi: familia, parokia au msikiti, watetezi wa haki za binadamu, parke kama ipo. Jina linalojulikana na watu wengi ni gumu kulipoteza. Hivyo ndivyo walivyofanya mashahidi wa Uganda.

Sita. Mwachie mlango aliyekwisha kuingia. Huyu ndiye anayesahauliwa. Kati yenu kuna mtu aliyekwisha kupokea simu, aliyekwisha kusema neno. Mkimwita msaliti mbele ya watu wote, mmempeleka kwa mkubwa moja kwa moja, kwa sababu hana tena mahali pengine. Mwendeeni usiku, wawili wenye heshima. Mwambieni: tunajua, acha, tutakaa nawe. Kama damu imemwagika, kuna siku ya kujibu mbele ya sheria. Lakini leo azuiwe asiseme neno la pili.

Juu ya Junju niseme neno moja la mwisho. Katika sinema, yule anayekufa ni Mganda, na yule anayekwenda kusimulia ni mzungu, kwa sababu dunia ilimwamini mzungu. Hilo linaniuma, na ninadhani linawauma ninyi pia. Tusingoje mtu wa mbali aje kusema yaliyotupata. Tuyaandike wenyewe, kwa lugha zetu, na majina ya waliopotea na ya waliokataa kuwataja wengine. Hao wa pili tunao katika kila kijiji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika milango mitano, ni upi ulio wazi zaidi hapa kwetu leo?
2. Listi gani zinaandikwa hapa tunapoishi? Nani anazishika, na ndani yake kuna nini?
3. Shefu au kiongozi wa komite akiitwa na mwenye silaha, nani atakwenda pamoja naye? Mchague leo, mbele ya siku hiyo kufika.
4. Kuna mtu kati yetu tunayemwogopa kwamba anapeleka maneno? Ni nani wawili wenye heshima wa kumwendea?

Swali la nne msilijibu hadharani. Lijibuni nyumbani, kwa sauti ya chini, na mwende.